Wagonjwa wa Kwenye Beseni

Rumonge, Jumatano

Kosa la kwanza ni langu, hilo sikatai. Tangi letu la kioo linatosha samaki kumi, nami nilijaza thelathini, kwa sababu kila nikipita kwa wavuvi nashindwa kuwaacha wale wadogo wa kwenye mawe ya ziwa. Kisha shemeji akaleta wawili wekundu wa dukani Bujumbura, samaki wa nchi za mbali, nikawatia humo humo bila kuwatenga hata siku moja. Mimi, mwalimu wa biolojia.

Jumapili niliona madoa meupe kwenye mapezi ya baadhi ya samaki, kama chembe za chumvi. Saba walikuwa wameambukizwa, pamoja na wale wekundu. Niliwahamishia kwenye beseni lenye maji ya chumvi. Jana walianza kula tena.

Leo nimerudi kutoka shule nikakuta beseni tupu. Baba alikuwa kibarazani, anatabasamu.

"Nimewarudisha kwao, mutoto wangu. Walikuwa wanaumwa juu ya kubanana tu. Samaki ya ziwa inapona na maji ya ziwa."

"Wote, Baba?"

"Wote. Hata wale wekundu, niliwaonea huruma."

Nilikimbia hadi ufukweni, kabla ugonjwa wa wale wageni haujawaenea samaki wa ziwa. Majirani walikuwa wanaosha sufuria, na samaki wadogo wamejaa miguuni mwao wakigombea makoko ya ugali. Katikati yao nilimwona mwekundu mmoja, ana madoa mpaka machoni.

Nilijaribu kumnasa kwa kitambaa changu cha kichwa. Akaponyoka, akaingia kwenye mawe, na kundi zima likamfuata.