Kamati ya Harusi Inataka Nivae Shela Melini

Bi Hajira, mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana naandika kwa hasira na wakati huohuo mimi ndiye mwanamke mwenye furaha kuliko wote hapa Ruangwa, na kama unaweza kuelewa jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa katika kifua kimoja basi kweli wewe ni mshauri. Nimeolewa Agosti, ufuta ulipokwisha kuuzwa, na Silvanus, ambaye nilimpenda tangu tukiwa kidato cha tatu Nachingwea, alipokuwa akinipa nafasi yake kwenye foleni ya bomba na kujifanya amesahau ndoo. Anacheka kabla hajamaliza kusimulia kichekesho chake mwenyewe, Jumamosi ananipikia uji wa ulezi, ananiita "mama mwenye nyumba" mbele ya watu bila aibu, na mpaka leo nikisikia pikipiki yake inakata kona ya kwetu moyo unaniruka. Sikujua ndoa ni tamu hivi. Tungekuwa sisi wawili tu nisingekuandikia.

Shida ni kamati.

Baba wa ubatizo wa mume wangu ni daktari mmoja mzee wa Kijerumani aliyewahi kufanya kazi huku kwetu, na zawadi yake ya harusi ni kutuchukua mimi na Silva twende naye na mkewe katika meli ya starehe, wiki nzima, tunapandia Zanzibar mwezi ujao. Mimi, binti wa Mnero, ambaye bahari nimeiona mara moja tu, Lindi, kwenye ziara ya shule! Nililia kwa furaha, Silva akalia kwa kuniona mimi nalia, tukakaa jikoni tunacheka na machozi yanatutoka mpaka maharage yakaungua.

Sasa daktari akatuandikia kwenye simu kwamba usiku wa siku mbili kati ya hizo ni usiku wa mavazi rasmi, abiria wanakwenda kula chakula cha jioni wakiwa wamevaa rasmi. Neno hilo "rasmi" ndilo limeniletea balaa lote hili, kwa sababu Silva kwa furaha yake akalitupa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi yetu, ambalo mpaka leo halijafungwa, watu wanasalimiana humo asubuhi na kutumiana picha za maua, na kabla sijamaliza kuanua nguo baba mdogo wake, Agapiti, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshaitisha kikao.

Jumapili baada ya misa wakaja. Wamejaa sebuleni, wengine wako barazani wanachungulia dirishani.

"Kikao cha nini, baba?" nikamuuliza baba mdogo.

"Cha mavazi, bibi harusi. Ulitaka uende huko kama nani? Lete maji ya kunywa kwanza, tuanze."

Nikaleta maji. Akafungua kwa sala, halafu akasema, "Rasmi ni rasmi. Nani hapa anajua nguo iliyo rasmi kuliko shela? Hakuna. Basi siku ya kwanza bibi harusi atavaa shela."

"Na mkia wake?" mtu akauliza.

"Na mkia. Silva ataushika."

Wifi yangu Faith, dada yake Silva, naye akadakia: "Shela lile tulilihangaikia mpaka Dar, leo likae sandukuni liliwe na mende? Likaonwe na Wazungu huko!" Wakasema na Silva avae suti yake ya harusi, ile ya rangi ya krimu yenye kola inayometameta, na viatu vyeupe. Siku ya pili tuvae kitenge cha sare ya kamati, kile cha zambarau na njano. Na siku zote mbili tuwapigie simu ya video tukiwa mezani, ili, nanukuu maneno ya baba mdogo, "kamati nzima tuwe melini."

Mshauri, mimi nilikuwa na nguo yangu. Mama yangu, Kornelia, ni fundi cherehani kule Mnero, na siku aliposikia habari ya meli alifunga duka akanishonea gauni refu la bluu iliyoiva, shingo imezungushiwa kipande cha kitenge cha zamani alichokuwa amekitunza, akalileta mwenyewe kwa basi, limelazwa mapajani njia nzima lisijikunje. Nilipolivaa Silva akawa ananizunguka tu kama anakagua nyumba anayotaka kuinunua. Basi nikajikaza nikasema mbele ya kikao, "Mama ameshanishonea gauni," nikaenda chumbani nikalileta.

Faith akalishika kwa vidole viwili. "Hili la kwaya, wifi. Ukilivaa watakuomba uwaimbie."

Wakacheka. Baba mdogo akajipiga paja. Nikamtazama Silva wangu, na Silva wangu alikuwa anacheka.

Halafu baba mdogo akasema, "Wanaoafiki shela wanyooshe mikono." Mikono ikapanda, nikaizungushia macho yote, na mmojawapo ulikuwa na pete niliyomvisha mimi altareni. Alinyoosha, mshauri. Hakunitazama, alitazama dari, lakini alinyoosha.

Nikaenda jikoni nikapakua wali, nikawapa wakala. Wakati wa kuondoka Faith akalikunja gauni langu akalitia kwenye mkoba wake, akasema, "Basi hili nitalivaa mimi kwenye kipaimara cha mwanangu, lisije likapotea bure." Tena akanibusu shavuni.

Usiku nikamuuliza mume wangu kwa nini. Akasema, "Mke wangu, ni siku mbili tu. Watu wametuhangaikia, tutawakatalia vipi?" Nikamwambia basi aende melini na Faith. Akasema, "Kama hutaki kuwaheshimu ndugu zangu tuiache hiyo meli." Tangu siku hiyo nampikia, nampakulia, lakini sisemi naye, na yeye asubuhi anaondoka bila kumaliza chai. Naumia kwa sababu nampenda vibaya mno, na nikimwona amekaa peke yake anafuta pikipiki ambayo tayari ni safi nataka kumkimbilia nimkumbatie, halafu nakumbuka ule mkono natamani kumrushia sahani. Nimeshafungasha nguo za kurudi kwa mama. Niambie, mshauri, nivae nini huko melini, au niache meli, au niache na ndoa yenyewe?

Mke mpya, Ruangwa

*

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, pole. Nimekasirika pamoja nawe, na wewe pia nimekukasirikia. Nitaanza na hao wengine.

Baba mdogo wa mumeo amekosa adabu. Mwenyekiti wa kamati ya harusi kazi yake ni ukumbi, chakula, gari na muziki, na yote hayo yaliisha siku ile ile mlipokata keki. Hana mamlaka juu ya sanduku la mwanamke aliyeolewa. Wifi yako naye amechukua nguo iliyoshonwa na mama yako mbele ya macho yako, kisha akakubusu. Kwetu kitendo hicho kina jina lake, busu halilibadilishi. Na mumeo amenyoosha mkono wake kwenye kundi la watu dhidi ya mkewe, ndani ya sebule yake, kisha akatazama dari. Dari ilikuwa na nini? Mwanamume anayempenda mkewe kwenye foleni ya bomba ampende na mbele ya ndugu zake, la sivyo hayo mapenzi ni ya bombani na chumbani tu.

Sasa wewe. Ulikaa unazungusha macho. Ulisema sentensi moja, wakacheka, ukaenda kupakua wali! Umeniandikia mimi kurasa ndefu hivi, mtu usiyemjua, na mwanamume unayelala naye kitanda kimoja hujamwambia jambo moja linalokuuma kweli: kwamba si shela, ni mkono wake. Ulimwambia aende na Faith. Hilo ni jibu la mtoto wa darasa la nne. Yeye mpaka sasa anaamini mnagombania nguo, ndiyo maana anakujibu habari za heshima ya ndugu. Na huko kumnunia huku unampakulia chakula ndiko kutakakoiua ndoa yako, Faith hataiweza peke yake.

Tena niambie, mwenye mwaliko si yupo hai? Si ana simu? Kamati nzima imekaa, imesali, imepiga kura, na hakuna hata mmoja wenu, wewe ukiwemo, aliyemuuliza daktari "rasmi" maana yake nini! Muulizeni leo, maana kila meli ina taratibu zake. Lakini kwa jinsi nilivyoulizia kwa waliosafiri, ni nguo ya heshima ya kulia chakula cha jioni, basi. Mwanamke gauni refu au linalovuka magoti, mwanamume suti ya rangi ya giza na tai. Nguo ya kwenu iliyoshonwa vizuri inapokelewa pia, na hilo gauni la mama yako lenye kitenge shingoni ndilo hasa. Shela huvaliwa na mtu anayekwenda kufunga ndoa. Ukiingia nalo kwenye chumba cha chakula abiria watasimama wakupigie makofi, halafu watauliza padri yuko wapi.

Gauni moja linatosha kwa siku zote mbili. Siku ya kwanza livae na mtandio, siku ya pili lifunge mkanda, badili hereni na mtindo wa nywele, hakuna atakayekuhesabia. Mtandio usiuache hata kama unauona mzigo, viyoyozi vya ndani ni vikali. Viatu viwe na kisigino kifupi na kipana, meli hucheza na wewe si mtu wa bahari. Suti ya krimu ibaki nyumbani pamoja na viatu vyeupe, bila shaka mumeo ana suti nyingine nyeusi au ya bluu, na kama hana ataazima. Usibebe pasi, meli nyingi haziruhusu pasi vyumbani. Livingirishe gauni ndani ya mfuko wa nailoni, ukifika litundike bafuni wakati unaoga maji ya moto, mikunjo italegea. Na nguo hiyo usiitie kwenye sanduku kubwa: masanduku makubwa huchukuliwa na wafanyakazi mkipanda na huweza kuchelewa kufika chumbani. Iwe kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti, dawa na nguo za ndani.

Lakini kwanza gauni lenyewe liwepo. Nenda kwa Faith mwenyewe, usitume mtu. Simama mlangoni, umsalimie, umwambie, "Wifi, nimefuata gauni langu." Akikwambia karibu ndani, mwambie siku nyingine. Usieleze, usilie, usimtaje mama yako. Ukipewa, shukuru, uondoke. Akisema ameshalipeleka kupunguzwa, muulize ni kwa fundi gani, uende huko huko.

Kuhusu kamati: mnailaumu haitaki kufa, wakati ninyi wenyewe hamkuizika. Kila mtu anajua kamati ya harusi huvunjwa. Watu hukaribishwa, hulishwa, hushukuriwa, huambiwa kazi imekwisha, wakaenda zao. Ninyi mlinogewa na mapenzi mkasahau, wao wakabaki na vyeo vyao mkononi hawana pa kuvifanyia kazi. Watu hawa wanakupenda, na ndiyo sababu wanachosha hivyo. Basi pikeni pilau, waiteni, na baada ya kula asimame Silvanus. Si wewe, ni yeye. Aseme asanteni, kamati imevunjwa leo, na mavazi ya safari ni shauri langu na mke wangu. Kundi la simu lifungwe papo hapo wakiwa wanaona. Baba mdogo atanuna kidogo. Mwache anune, ameshiba.

Na mumeo akishindwa kusimama kusema maneno hayo, ndipo uniandikie tena kuhusu ndoa. Kabla ya hapo usiniletee habari ya kurudi Mnero. Fungua hilo begi, rudisha nguo kabatini.

Jambo la mwisho, nalo ndilo la haraka. Jina lako sikulichapa, na ya wengine wote nimeyabadilisha. Lakini meli sikuweza kuibadilisha, na hapo Ruangwa ni bibi harusi gani mwingine anayekwenda melini mwezi ujao na daktari wa Kijerumani? Gazeti hili likishafika, atakayemsomea mumeo kwa sauti ni Faith. Kwa hiyo akirudi leo usimpakulie. Mkalishe, umwambie ya huo mkono kwa mdomo wako mwenyewe, kabla hajayasikia kwa wengine.

Hajira