Honi ya Kidahwe

Katubuka, Kigoma
4 Novemba 2024

Landrova ya baba yako imewaka! Mdogo wako Yunisi ndiye kaiwasha, kwa mikono yake, na mafundi wa mjini wamekuja kuangalia midomo wazi!

Mwakeye, mwanangu Thobias. Hamjambo huko Tabora? Wajukuu zangu wazima? Sisi wazima, magoti yangu tu.

Sasa sikia. Ametoa ile injini iliyokufa, akaweka ya Haisi na giaboksi yake. Propela shafti ikawa ndefu, akaikata, akaichomelea upya. Mimi sikuelewa, ila nilisimama pale kama mimi ndiye ninayemwelekeza. Gari linatembea kimya, hata kuku hawashtuki.

Lakini baba yako hataki kulipanda. Alikuwa kakaa barazani, gari likaingia asilisikie. Akauliza, "La nani hilo?" Yunisi akasema, "Lako, baba." Akalizunguka. "Langu ningelisikia tangu kule kona. Hapa mmebakiza ganda." Akaingia ndani. Mtoto kalia mpaka chakula kimemshinda, maana kazi yote ile alikuwa anamfanyia yeye. Nishauri, mwanangu.

Barua na dagaa anakuletea Erasto wa treni.

Mama yako, Honorata


Tabora
18 Novemba 2024

Shikamoo mama. Hatujambo. Dagaa wamefika na wamekwisha siku hiyohiyo. Pole na magoti.

Mwambie Yunisi asilie. Mimi nilitaka gari liuzwe chuma chakavu, yeye kalifufua. Muungurumo wa zamani haurudi tena, lakini ile honi iko wapi? Ile iliyolia kama ng'ombe, baba akiipiga mara mbili kwenye kona ya Kidahwe, akina mama wanatoka na mawese? Sisi nyuma tunaziba masikio! Kwingine alikuwa haipigi kabisa.

Mwanao, Thobias


Katubuka
1 Desemba 2024

Amepanda! Na ameendesha mwenyewe!

Marahaba, mwanangu. Wasalimie wote. Honi tumeikuta kwenye vyuma vya kutupa. Yunisi alikuwa kafunga mpya inayolia kama kifaranga. Hiyo ya zamani ndiyo iliyonitoa kwetu, hamjazaliwa. Baba yako akiipiga pale Kidahwe wanatoka wote, ila wa kwanza mimi, na mawese mekundu kama yangu hayajaonekana tena.

Basi jana Yunisi kairudisha, kapiga mara mbili nje ya geti. Mimi nilikuwa tayari, dumu la mawese kichwani. Nikatoka mbio na magoti yangu haya! Baba yako akacheka mpaka akashika ukuta. "Honorata, utavunjika!" Nikamwambia, "Dereva, unanipakia, au nimpe mwingine?"

Akamwambia Yunisi, "Sogea." Akashika usukani. Tulipofika kona ya mtaani akasema, "Huu ukimya nitauzoea. Kazi umeifanya, binti yangu." Yunisi akageukia dirishani, akalia tena, lakini hiki kilikuwa kilio kingine.

Sasa baba yako anataka kuwapokea stesheni mwenyewe, twende wote Kidahwe kwa mama zako wadogo, apige honi waione familia yake. Mdogo wangu Skolastika nimeshamwambia asonge ugali wa watu wengi. Njooni na watoto wote, asibaki mtu. Ni Jumamosi, tarehe 28 Desemba.

Mama yako, Honorata