Kitenge ya Tumbo

Mama,

Neema amepiga chafya sasa hivi, akashituka mwenyewe, akaniangalia kama vile mimi ndiye nimemufanyia. Nikacheka. Halafu nikabana miguu haraka, maana siku hizi nikicheka mukojo inatoka kidogo. Ndiyo sababu niko hapa Flagey, mutaa yetu huku ugenini, kwa kine, ule muganga wa mazoezi ya mwili. Ninangoja zamu yangu na mutoto kwenye magoti.

Wewe hukumuona. Ulituacha miezi miwili mbele azaliwe. Sasa ana miezi kumi, meno ine, na paji la uso ni lako kabisa.

Mimi nimepata kazi. Ninapokea simu za kampuni ya taxi, masaa nane kwenye kiti. Ni kazi nzuri, ila pumzi inanikatikia katikati ya maneno. Muteja moja aliniuliza, "Madame, unakimbia ama?" Nami nimekaa.

Bon, mama, nikuambie ukweli. Nina wivu na Yaya Furaha, dada yangu mukubwa. Alipozaa, ulimuhudumia siku arobaini. Maji ya moto, taulo, halafu kitenge kwenye tumbo, ukivuta na mikono yote miwili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na ine, kazi yangu kubeba beseni. Nilikuwa naangalia vidole vyako, nikiwaza, siku yangu itakuja. Siku ikakuja. Vidole havikuwako.

Donc, basi, nilijifunga mwenyewe. Nilikumbuka fundo yako, nikakaza kupita wewe, ili nimushinde Furaha. Asubuhi mpaka jioni, kwanza nyumbani, halafu chini ya jupe, sketi ya kazi, kwenye kile kiti. Miezi kumi, mama.

Juma iliyopita kine aliona. Akanieleza polepole: ukikaa umefungwa hivyo, tumbo haiwezi kufunguka, pumzi inabaki juu kwenye kifua, na uzito yote inasukuma misuli ya chini, ile inashikilia mukojo na kizazi. Akauliza, "Nani alikufundisha hivi?" Nikajibu, "Mama yangu." Akatikisa kichwa, basi. Nilikuacha ulaumiwe mbele ya muntu asiyekujua.

Jumamosi nikamupigia Furaha, kwenye simu ya jirani yake kule Bukavu. Tangu matanga yako hatukuwa tumeongea, na kosa ni yangu. Alicheka kwanza. "Weye! Mama alikuwa ananifunga nikilala tu. Nikiamuka kukaa, anafungua. Anasema, pumua mwanangu, tumbo ijae. Weye hukuona, ulikuwa umetumwa kumwanga maji."

Nilikuwa inje. Niliona kufunga, sikuona kufungua.

Na wivu ikanishika upya, pale pale, simu ingali kwenye sikio. Hata hiyo "pumua mwanangu" ulimupa yeye.

Lakini usihangaike. Kitenge nimeitoa. Kazini, kila nikiweka simu chini, ninaacha tumbo ijae kabisa, halafu nikitoa pumzi ninavuta ile misuli ya chini, polepole, hakuna muntu anajua. Kine anasema nguvu itarudi, nivumilie. Jana muteja aliongea na mimi mpaka mwisho na hakuniuliza kama ninakimbia.

Basi upumuzike salama, mama. Ninakuahidi, nikiingia tu kwa kine, mbele hata ya kuvua viatu, nitamuambia kosa haikuwa yako. Na Furaha nitamupigia kila mwezi. Wivu haijaisha, sitakudanganya. Lakini nitamuomba anipe maneno yote ulimuambia wakati mimi niko inje, moja moja, mpaka nikuwe nayo na mimi, na Neema akikuwa mukubwa nimupe na yeye…

Kine amefungua mulango, anaita jina yangu. Nakwenda kumuambia, mama, kwamba wewe ulikuwa unafungua.