Usimwulize Baba kwa Lingala

Beni, hospitalini

Kaka Paluku,

Wavukire, nakuamkia kwa Kinande chetu. Kikohozi cha Mama kimepoa? Viazi vya huko Luofu vimeota, au askari wamechimba hata mbegu? Mimi mwili ni mzima. Ila barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimeikunja kwa hasira.

Unaandika kwamba Baba anajifanya bubu tangu askari walipompiga, kwa hiyo umemleta nyumbani sajini rafiki yako amwulize kwa Lingala, kwa ukali, "apate kuamuka." Kaka, una akili kweli? Waliompiga walimtukana kwa lugha gani, kama si hiyo hiyo Lingala ya askari?

Nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu sasa. Nilichukuliwa nifunge vidonda, lakini kwa kuwa najua Kinande, Kiswahili, Kifaransa na Lingala, naitwa kukaa na watu wazima ambao vita vimewafunga kinywa. Mwezi uliopita aliletwa Mzee Saidi, Mwislamu wa hapa Beni mwenye lori. Hakuwa akisema kitu. Daktari wetu, mzungu mgeni, alimwuliza kwa Kifaransa, nami nikatafsiri kwa Lingala, nikidhani mtu wa barabara kama yeye ataielewa. Aliielewa. Alipiga magoti sakafuni na kuweka mikono kichwani. Mimi ndiye niliyemfanyia hivyo, Kaka, kwa kujiona najua.

Daktari akaandika kwamba huyu ni kichaa, apelekwe mbali kwenye nyumba ya wendawazimu. Nikamkatalia mbele ya watawa wa hospitali. Akanipa siku tano, huku anacheka. Nusura nimrushie chupa ya dawa.

Siku hizo sikumwuliza Mzee lolote. Nilimketisha nyuma ya jiko, nikaweka ungo wa maharage kati yetu, tukachambua. Nilisema Kiswahili cha sokoni tu, habari za mvua na barabara mbovu. Siku ya nne aliniita binti yake, akamtaja mkewe, macho yake kwenye ungo:

"Ma fille, balimubeba bibi yangu mbele yangu."

"Niko nasikia, papa."

"Miye hapana nilisimama."

Akalia, nami nikaendelea kuchambua mpaka akamaliza. Bado hajapona, lakini hakupelekwa popote.

Basi mfukuze huyo sajini. Mwambie Mama akae na Baba na ungo wa maharage, Kinande tupu, na asimwulize kitu.

Jambo moja bado. Dereva wa viazi ameniletea maneno ya Mama: siku ile ya kipigo Baba aliita jina lako mara nyingi, nawe ulikuwa umejificha ndani ya mahindi. Kujificha sikulaumu, hata mimi ningejificha. Kinachonichoma ni wewe uliyesikia yote kumwita mwongo.

Nisalimie Mama, na shangazi yetu mjane, na wifi yangu, mke wako, ambaye najua amekuambia haya yote nawe hukumsikia.

Baba usimpe salamu zangu. Kaa naye tu, mikono yako kwenye ungo. Akilitaja jina lako, usikimbie mara ya pili.

Mdogo wako, bado nimekasirika,
Kahindo