Nguzo ya Sita ya Nyumba ya Mugiriki

Jumatatu, 4/3/2024

Ingénieur wa serikali, Alexis, amepita kwenye Nyumba ya Mugiriki. Ameona ule ufa wa barza ya mbele, akasema nyumba imezeeka, watabomoa. Imezeeka! Miye nimefika Bunia, nimefika Kampala, ukuta nene hivi sijaona. Juu ya mulango iko 1951, mwaka Mugiriki aliijenga. Mabomu ya vita ya siku sita, hapa Kisangani mwaka 2000, ilitoboa plâtre ya juu tu.

Mama Aziza, mushonaji wa pale barzani, analia: Papa Wenceslas, wewe maçon, fundi mukubwa wa kujenga, utuongelee. Nitashonea wapi, kwa mvua? Nikamujibu: tulia mama, mbele yangu ingénieur ni mutoto! Watu wakacheka. Kinywa yangu hii.

Jumanne, 5/3

Bon, niandike, hakuna anayesoma.

Nguzo za barza zilikuwa sita. Mwaka 2009 muuza friji aliyepanga humo alitaka mulango upanuke. Maçons wawili walikataa kugusa nguzo ya mwisho, ile ya kushikana na ukuta. Miye nikasema: Mugiriki aliiweka kwa kujionyesha tu! Nikaitoa siku moja. Nikapiga simenti ukutani pale ilikuwa, na kabla haijakauka nikaandika kwa musumari, kama sisi maçons tunavyofanya: WENCESLAS, WA KWANZA KISANGANI.

Ufa umeanzia palepale. Nikisema, wanarudisha nguzo, nyumba inabaki. Nikinyamaza, ni uzee, wanabomoa. Lakini nikisema, nani atanipa kazi tena?

Jumatano, 6/3

Nilienda kusema. Kweli, nilienda! Ingénieur akauliza: papa, unajua nini ya nyumba hii? Nikamupa hadithi muzima ya Mugiriki: carreaux za sakafu zilivyopanda mto kwa mashua, vitundu vya hewa chini ya plafond, kule darini… Saa nzima! Akaandika yote. Eti miye ni bibliothèque, maktaba muzima.

Nguzo — hata neno moja. Nikarudi na toleka, nyuma ya baiskeli ya abiria. Mupumbavu.

Alhamisi, 7/3

Mama Aziza amenipikia pondu, majani ya muhogo, na samaki, sababu "ninamupigania". Nimekula. Haya ilikuwa kubwa kuliko njaa, na nimekula yote.

Niko hapa barzani, naandika juu ya goti. Ingénieur amerudi na torshi, anataka kuona ufa mpaka chini. Donc kabati ya vitenge ya Mama Aziza, ile ya kuegemea ukuta, itoke. Jina yangu iko nyuma yake, miaka kumi na tano.

— Papa Wenceslas, shika upande wa ukuta!

Nakuja, mama. Acha nimalize mustari huu tu.