Barua Aliyoificha Nyanya Zilpah

Dolphine, wacha unachofanya usome hii.

Si nimeenda kumwambia nyanya nataka kuhamisha mkopo wa nyumba yangu penye riba nafuu? Akaanza kulia! Zilpah huyu, ambaye hata matangani halii!

Yawa, kumbe 1966 babu Elijah alikuwa amenunua nyumba Homa Bay kwa mkopo wa riba kali. Akaomba mwingine nafuu amalize ule wa kwanza. Barua ya kumkubalia ilifika akiwa Sori, anamzika mamake. Zilpah akaifungia sandukuni, maana kwetu mkiwa na matanga hamuanzi jambo jipya mpaka vichwa vinyolewe.

Waliponyolewa, siku za kujibu zilikuwa zimepita. Zilpah akaogopa kusema. Akaichoma. ALIICHOMA, Dolphine!

Babu alidhani ni yeye alizubaa, hakufuatilia. Miaka kumi na miwili akalipa riba ileile, na kila akitoka kulipa alimwambia mkewe, "Nisamehe, mama Dishon, nimewatesa."

Unajua Zilpah alikuwa akimjibu nini?

"Nimekusamehe."