Kocha Asiyeweza Kufunga Mdomo Ulingoni

Mpendwa Shangazi Jopie,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nyumbani hakuna anayenielewa, na Jumamosi ile baada ya hii ijayo mwanafunzi wangu anagombea mkanda wa Uholanzi wa ngumi na mateke, mkanda uleule niliowahi kuuvaa mimi, na badala ya kunishukuru ameniomba eti siku hiyo nikae kwenye kona yake nimefunga mdomo. Jina langu liandike tu gazetini, sioni haya, mimi ni Gracia Landveld, na kama wewe si mtu wa mchezo huu muulize muuza samaki yeyote wa Rotterdam Kusini atakuambia.

Nilianza nikiwa msichana wa shule, mnene kidogo na mwenye mdomo, kwenye jimu ya Mjomba Poeran juu ya karakana ya matairi, na yeye ndiye aliyenifanya nikawa mtu. Makocha wengine wa mji huu huyapa mapigo yao namba, lakini Mjomba aliyapa majina ya chakula cha kwetu Suriname, kwa sababu alisema mtu aliyejinyima ili apunguze uzito husikia jina la chakula haraka kuliko kitu kingine chochote. Roti ni ngumi mbili za uso, moja ya mbavu, halafu teke la paja. Bami ni ngumi ya ini ikifuatwa na goti. Pom, ambayo sisi tunaipika siku za kuzaliwa, ni pale unapomwonyesha mwenzako kwamba unampiga paja, akishusha mkono tu, mguu unapanda kichwani. Alikuwa na sauti ya kuamsha bandari nzima, akitaja chakula mguu unaruka wenyewe, na kwa chakula hicho nikachukua mkanda wa Uholanzi, nikachukua wa Ulaya, nikaenda Osaka kuchukua wa dunia, na watu wa kule wakawa wanaulizana huyu mzee pembeni anaagiza nini.

Pambano la Osaka nitalisimulia mpaka nizikwe. Raundi ya mwisho tulikuwa sawa kwa pointi, yule dada niliyepigana naye akanipiga teke la sikio kichwa kikaanza kuvuma kama friji mbovu, simsikii mwamuzi, siusikii ukumbi, sisikii chochote, nikaona tu kiwiko chake kimeinuka kidogo, basi nikampa roti nzima na mchuzi wake, akakaa chini na mwamuzi akamaliza kuhesabu bado amekaa. Baadaye chumbani Mjomba aliniambia muda wote ule alikuwa anapiga kelele pom, pom, mpaka koo likamkauka, tukacheka hadi machozi yakatutoka, na mkanda niliulalia kitandani kama mtoto mchanga.

Nyonga ilipogoma nikastaafu nikiwa bado bingwa, nikafungua jimu yangu, na Mjomba mwenyewe ndiye aliyenibebea begani gunia la kwanza la kupigia. Nikafundisha nilivyofundishwa, roti ikabaki roti na bami ikabaki bami, na Mungu akaniletea Naoual, binti wa muoka mikate wa Kimoroko pale nyuma ya soko, mpole, haongei, ila miguu yake Shangazi, miguu ile ukiiona utasema imetiwa mafuta. Hajawahi kupoteza pambano isipokuwa moja, na hilo moja ndilo linaloniua.

Msimu wa majani kuanguka alikutana na Femke Stuifzand, msichana mrefu anayefundishwa na nani, na Mjomba Poeran. Mimi nilikuwa kwenye kona nafanya kazi yangu kwa sauti, roti, bami, roti tena, na kila Naoual alipoinua mguu alikuta Femke ameshainua goti anamsubiri. Upande wa pili Mjomba amekaa kimya kabisa, amekunja nne, anatafuna karanga kama mtu aliye kituoni anangoja treni. Tukapoteza kwa pointi. Mlangoni akanipiga begani akasema, "Mwanangu Gracia, ahsante kwa kunisaidia kazi. Na uzee huu, ningeshindwa kupiga kelele zote zile peke yangu." Nikacheka bila kuelewa, nikaja kuelewa Jumapili nilipoangalia video. Femke anayajua majina yale yote, Shangazi. Amelishwa kwenye jiko lilelile. Nilikuwa namsomea mimi mwenyewe kila pigo kabla halijafika.

Sasa ni marudiano, ni ya mkanda, na Mjomba ametangaza kwamba baada ya usiku huo anastaafu. Mume wangu Delano, ambaye kazi yake ni kushika ndoo na barafu, anasema dawa ni kubadilisha majina kwa siri, nikisema roti Naoual apige pom, tumwingize Femke mtegoni. Tumejaribu wiki nzima, mtoto amechanganyikiwa mpaka amepigwa pua na msichana wa darasa la wanaoanza, na moyo wangu nao unanisuta, nitamdanganyaje mzee wangu kwa maneno aliyonipa yeye, tena usiku wake wa mwisho?

Halafu Jumanne, baada ya mazoezi, Naoual akanifuata huku anafungua bendeji za mikono, hanitazami usoni, akasema, "Kocha, nina ombi, usinikasirikie. Siku ya pambano usiseme kitu. Hata kidogo."

Shangazi, nilimjibu vibaya. Nilimwambia basi akatafute kocha bubu. Akaufunga mfuko wake taratibu akaondoka, na kesho yake akarudi kwa wakati kama kawaida, akaruka kamba yake, na hatujazungumza tena zaidi ya roti na bami. Nimewahi kupigwa mateke na mabingwa wa nchi nyingi lakini sijaumia hivi. Nifanye nini? Nimwachie Delano kona? Nibadilishe majina? Au nikubali kukaa pale kama kinyago wakati mtoto niliyemlea anapigwa mbele yangu? Mimi nikinyamaza nitakufa, na nikisema tutapoteza.

Wako,
Gracia Landveld, bingwa wa zamani wa dunia


SHANGAZI JOPIE ANAJIBU

Gracia mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, na viazi vimeungua, kwa sababu nilikuwa natafuta nukta nipumzike sikuiona. Naanza kumwelewa Naoual.

Pole kwanza. Naijua raha ya kuwa mtu anayesikilizwa, na uchungu wa kuambiwa siku moja kwamba sasa inatosha. Mimi nimelea wavulana wanne. Huo uchungu ni wa kweli na sitaki kukucheka kwa ajili yake, ila kwa mambo mengine nitakucheka kidogo, uvumilie.

Hilo la Delano lifute leo. Mwambie ndoo inamfaa sana. Binti amezoea kusikia roti kwa miaka, wewe unataka aisahau kwa wiki mbili halafu aingie ulingoni akifikiri maana ya chakula huku anarushiwa mateke? Hata mimi ambaye sijui mchezo wenu naona hapo mtavunjwa pua. Na dhamiri yako imekwambia vilevile, basi kwa nini uliandika kuniuliza?

Sasa Mjomba wako. Unamwona kama mtu aliyekutega, na mimi naona mzee aliyekupa somo la bure mlangoni, akakugonga begani ili likuingie. Mtu huyu ulimjua ana sauti ya kuamsha bandari. Leo anakaa kimya anatafuna karanga. Umewahi kujiuliza kwa nini anatafuna? Mtu mwenye mdomo kama wake, na kama wako, hawezi kunyamaza kwa kupenda tu. Lazima auzibe na kitu.

Na kinachonifanya nikugombeze kweli ni Osaka. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako. Sikio linavuma, husikii mwamuzi, husikii ukumbi, Mjomba anapiga kelele pom, wewe ukapiga roti ukawa bingwa wa dunia. Gracia, ungemsikia ungepoteza. Ulishinda kwa sababu uliona kiwiko ambacho yeye kutoka kwenye kona hakukiona, na mkacheka wote wawili, na tangu hapo umesimulia hadithi hiyo kwa muuza samaki na mkewe bila kuisikia hata mara moja. Pigo kubwa kuliko yote maishani mwako ulilipiga bila kocha. Sasa binti wa muoka mikate anakuomba nafasi hiyohiyo na wewe unamwambia akatafute bubu.

Unajua kilichokuuma? Kila unaposema roti na mguu wa Naoual ukaruka, wewe bado uko ulingoni. Nyonga ilistaafu, mdomo haujastaafu. Nakuelewa, ulikuwa bingwa na ubingwa ni mtamu, lakini miguu ile iliyotiwa mafuta ni yake. Hukumfundisha ili uitumie wewe.

Na usiseme hakushukuru. Umemtukana Jumanne, Jumatano amerudi anaruka kamba. Wangu wangenuna mpaka Krismasi.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho, kabla ya mazoezi kuanza, mbele ya darasa zima, mwombe msamaha. Maneno machache, usihutubie. Kisha apigane na wenzake mazoezini kila siku bila wewe kutamka hata kitu kimoja, ajifunze kuona mwenyewe, na wewe ujifunze kumwona. Nunua karanga. Tafuna tangu sasa, mdomo uzoee. Kati ya raundi na raundi mpe maji na umwambie kitu kimoja tu ulichokiona, kimoja. Na kabla ya Jumamosi nenda kwa mzee wako, kula kwake, umwambie usoni kwamba unakuja kumshinda usiku wake wa mwisho kwa nguvu zako zote. Mtu aliyekubebea gunia begani hatakubali kitu pungufu ya hapo.

Delano abaki na ndoo. Kona ni yako, kaa hapo, ila funga mdomo.

Shangazi Jopie


WIKI TATU BAADAYE TUMEPOKEA HII

Shangazi Jopie,

Mkanda uko kwetu.

Nilimwomba msamaha mbele ya darasa. Akasema, "Haya, Kocha," akaenda kuvaa glavu. Kwa Mjomba nilikula sahani mbili. Nilipomwambia nakuja kumshinda alisema, "Ulichelewa kuja kuniambia hivyo," akaniongezea mchuzi.

Usiku wenyewe nilikaa. Nilitafuna. Ng'ambo Mjomba alikuwa anatafuna pia. Watu wakadhani tumegombana, kona mbili hazisemi kitu. Raundi ya kwanza Femke alikuwa ananitazama mimi, akisubiri nimsomee. Sikumsomea. Nilimwona Naoual anaona kwamba Femke anatazama pembeni, na hapo nilijua macho yake yanatosha.

Kabla ya raundi ya mwisho nilimwambia kitu kimoja. Nilimwambia, "Unaona vizuri kuliko mimi." Akameza maji akainuka.

Pigo alilomalizia pambano sikumfundisha mimi. Hatua ya nyuma, kama anayekimbia, halafu akazunguka na kisigino kikaja kutoka mahali ambapo hakuna mguu. Femke alikaa chini. Yuko salama, amekuja kutusalimia. Mimi nilisimama nikiwa na karanga mdomoni na machozi usoni na sikupiga kelele, Shangazi, ukumbi wote ulinipigia kelele hizo.

Mjomba alivuka ulingo polepole. Akamshika Naoual kichwa kwa mikono miwili akamwuliza, "Hiyo uliyompiga mtoto wangu inaitwaje? Mimi jikoni kwangu haimo."

Naoual akafikiri. "Harira," akasema. "Supu ya mama yangu."

Mjomba akarudia neno hilo mara mbili ili alikamate. Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono, akasema, "Gracia, nipe karanga, zangu zimeisha."

Tulikaa ukingoni mwa ulingo tukatafuna mpaka wakazima taa. Jumatatu darasa la wanaoanza limeanza kujifunza harira. Anafundisha Naoual, mimi nashika pedi.

Gracia